Kamera ya Langoni na Daftari la Bwana Kitto

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024, saa kumi na moja na robo jioni, pale Kerensa Trewin alipomdanganya babu yake.

Mpaka hapo ilikuwa Alhamisi kama nyingine zote. Babu Jory alimpeleka mjini Camborne, Uingereza, kwenye mazoezi ya bendi ya matarumbeta. Aliegesha kigari chake nyuma ya maduka, kwenye uwanja wenye kamera langoni, ambako mtu huruhusiwa kukaa bure kwa muda wa saa mbili. Wakavuka barabara, wakaingia ukumbini. Kerensa, msichana wa miaka kumi na miwili, alitakiwa kupiga peke yake mbele ya wenzake, na wiki nzima hakuwa amejizoeza hata mara moja. Basi akachomoa mdomo wa tarumbeta, kile kipande kidogo cha fedha cha kupulizia, akakificha ndani ya soksi.

"Babu, nimesahau mdomo wa tarumbeta nyumbani!"

"Lo, mtoto wewe! Akili unaziweka wapi?" Babu alinung'unika, lakini akaondoa kigari, akaenda nyumbani kuutafuta.

Alirudi baada ya nusu saa na ushei, jasho likimtiririka, mikono mitupu. Kerensa akajifanya ameupata ule mdomo mfukoni mwa koti. Zamu yake ilikuwa imeshapita.

Wiki mbili baadaye ikaja barua. Wenye uwanja walidai pauni mia moja. Kamera, walisema, ilimwona Babu akiingia saa 11:05 jioni na kutoka saa 1:40 usiku, kwa hiyo alipitisha muda. Ile safari ya katikati kamera haikuihesabu. Ilishika kuingia kwa kwanza na kutoka kwa mwisho, basi.

Jirani yao Denzil, ambaye naye alikuwa amepata barua kama hiyo, alicheka. "Tia motoni hiyo, mzee! Wale si serikali. Watabweka wee, mwisho watachoka."

Mtaa mzima ulifanya hivyo, na Babu akafanya hivyo. Barua ya pili na ya tatu ziliwaka motoni hata hazijafunguliwa. Mwezi wa Juni ikaja ya nne, yenye maandishi mekundu, kutoka kwa wakusanya madeni. Sasa zilikuwa pauni mia moja na sabini, zilipwe ndani ya siku kumi na nne, la sivyo mahakamani.

Babu alishika simu. Alisikilizishwa muziki karibu saa nzima.

"Deni tumeshalikabidhi kwa wakusanyaji, zungumza nao," wakasema wenye uwanja.

"Sisi tunakusanya tu, mzee. Malalamiko peleka kwa wenye uwanja," wakasema wakusanyaji.

"Uwanja huo si wetu," wakasema watu wa halmashauri.

"Niliondoka nikarudi! Hakuna wa kunisikiliza?"

"Una ushahidi, mzee?"

Ndivyo walivyo wenye ofisi. Kila mlango unakuelekeza mlango mwingine, na wanaotunga sheria hizo magari yao huegeshwa na madereva.

Jumamosi asubuhi Kerensa alimkuta Babu mezani, anaifuta kwa kitambaa tarumbeta ya marehemu Bibi Loveday, ile ile aliyokuwa akiipiga Kerensa.

"Naiuza," Babu alisema bila kuinua macho. "Pesa nyingine sina. Bibi yako atanisamehe."

Kerensa aliujua ushahidi ulipo. Bendi ile ilianzishwa na wachimba bati, na mgodini kila anayeshuka aliandikwa saa yake, na kila anayepanda pia. Mgodi ulifungwa zamani, lakini kiongozi wa bendi, Bwana Kitto, hakuacha desturi hiyo. Kila anayekanyaga ukumbini, hata mzee anayekuja kuota moto tu, alimwandika kwenye daftari lake. Lakini siku ile ya uongo, Kerensa alimwona akiandika huku akiitazama soksi yenye ule mdomo.

"Babu, usiiuze. Ushahidi upo," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ila ukiusoma utanichukia."

Walikwenda kwa Bwana Kitto. Alifunua ukurasa, akasoma polepole: "Jory Trewin. Kaingia 11:08, katoka 11:17, kaingia 11:53, katoka 1:35. Mjukuu wake ana mdomo wa tarumbeta ndani ya soksi."

"Ndani ya nini?" Babu aliuliza.

"Soksi, Babu. Sikuwa nimejizoeza. Nisamehe."

"Nilitambaa chini ya vitanda, Kerensa! Kwa magoti haya!" Kisha akamgeukia Bwana Kitto. "Na wewe, uliona ukanyamaza?"

"Nilimngoja aseme mwenyewe," Bwana Kitto alijibu. "Miezi mitatu namngoja."

Walitoa nakala ya ukurasa ule, wakaipeleka pande zote mbili kwa posta ya rejista, pamoja na barua aliyoiandika Kerensa kwa mkono wake. Baada ya wiki tatu likaja jibu la mstari mmoja: deni limefutwa. Neno la kuomba radhi halikuwemo.

Alhamisi hiyo Kerensa alifika mapema, akapiga peke yake mwanzo hadi mwisho. Bwana Kitto akamwita kando.

"Baba yangu alifanya kazi mgodini," alimwambia. "Mtu mmoja alipanda juu bila kuandikwa, wenzake wakashuka kumtafuta gizani, wakaumia bure. Uongo mdogo hujui utamwangukia nani. Useme ukweli mapema, ukiwa bado mwepesi kubeba. Nawe Jory, barua ya madai haichomwi. Inafunguliwa, inajibiwa, na nakala inawekwa."

Babu aliitikia kwa kichwa. Dirishani ilionekana ile kamera, imekodoa jicho lake jekundu, na Denzil akipita chini yake na barua yake mkononi, mara hii haijachomwa.

"Sawa, mimi nimeokolewa na daftari," Babu alisema, akimtazama Denzil. "Na yule asiyeandikwa na mtu, atasemewa na nani?"