Parashuti Ndogo ya Brynn

Kila Jumamosi ya kurusha roketi, kazi ya kwanza ya Brynn Hostetler ilikuwa kukaa juu ya boneti ya gari la baba yake, kula donati na kuwacheka watu. Shamba la Mzee Unruh lilikuwa limeshavunwa, yamebaki mabua ya ngano tu, na upepo wa Kansas haukuwa na huruma. Roketi zilipaa, zikafungua parashuti, kisha upepo ukazichukua. Wenyewe walizifuata kwa miguu hadi wakaonekana kama vitone.

"Hebu waone!" Brynn alisema. "Wamekuja kurusha roketi au kuchunga ng'ombe?"

Wendell Pruitt, wa darasa lake, ndiye aliyekuwa akirudi, jasho likimtiririka na roketi begani. Aliiunda kwa bomba la karatasi ngumu, akaipaka rangi iliyobaki walipopaka banda la kuku.

"Wendell, hilo lidude lingekuwa na haya lingejificha hukohuko!"

"Bora limerudi zima," Wendell alijibu, akapita zake.

Brynn akasonya. Roketi yake ilikuwa nyeusi, inang'aa, na leo ilikuwa imfaulishe mtihani wa cheti: ipae, kisha irudi nzima. Bila cheti hakuna ruhusa ya injini kubwa, na roketi kubwa aliyoijenga kipupwe kizima ingebaki kuning'inia gereji. Kesho Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Baada ya hapo shamba linalimwa.

Bi. Lorna, mkaguzi wa klabu ya roketi, alitikisa kila pezi la mkiani, akakunjua parashuti, akaridhika. Brynn akarudi nyuma ya gari, akafanya alichokiita marekebisho. Alitoa parashuti kubwa, akaweka nyingine isiyozidi upana wa taulo la jikoni. Roketi ingeshuka upesi na karibu, asitembee kama wale washamba. Mtoto alijiona ana akili kuliko klabu nzima!

"Tatu, mbili, moja!"

Roketi ikapaa kwa mngurumo, nzuri ajabu. Juu kabisa kile kitambaa kikafunguka, halafu roketi ikaanza kushuka. Lo, ilishuka kwa kasi ya kutisha!

"Tazameni juu!" Bi. Lorna alipiga kelele. "Roketi inaanguka!"

Wendell alikuwa kwenye mabua, ameifuata roketi yake kwa mara nyingine. Aliinua macho, akajitupa pembeni, na roketi nyeusi ikajipigiza pale alipokuwa amesimama.

Brynn alikimbia mpaka pumzi zikamwishia. Wendell alikuwa ameketi chini, akijipangusa vumbi. Hakuumia. Brynn aliokota roketi: pezi moja lilikuwa na ufa. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe, ukatoka na gundi ya kukauka upesi. Tone moja tu, na nani angejua?

Wendell alikitazama kile kitambaa, kisha ile gundi.

"Paka," alisema. "Mimi sisemi kitu. Nilidhani unajua roketi, Brynn. Kumbe ni mvivu tu."

Akaondoka. Brynn alisikia uso ukimwaka moto. Alizoea kudharau watu. Kudharauliwa kwa haki hakukuzoea. Akairudisha gundi mfukoni.

Alipompelekea Bi. Lorna roketi, mkaguzi aliuliza swali ambalo humuuliza kila mtu: "Nikikupa injini nyingine sasa hivi, itaruka tena kwa usalama?"

"Hapana, Bi. Lorna. Pezi limepasuka." Brynn akakiinua kile kitambaa. "Na nilibadilisha parashuti baada ya wewe kukagua. Sikutaka kutembea."

"Hukutaka kutembea! Ukataka kumpasulia mwenzako kichwa! Umefeli. Kalitengeneze hilo pezi, kesho nakagua upya, na parashuti utaifunga mbele ya macho yangu."

Jioni ile Brynn alimwomba Wendell msamaha, kisha akakaa gereji na baba yake akiunga pezi taratibu. Jumapili roketi ilipaa na parashuti kubwa, upepo ukaibeba hadi ng'ambo ya shamba. Brynn aliifuata, mabua yakimchoma miguu, nzi wakimsumbua. Alirudi hoi, roketi nzima kabisa. Juu ya boneti ya gari la baba yake Brynn alikaa Wendell, anakula donati.

"Vipi, ng'ombe wote wametimia?"

"Nyamaza bwana," Brynn alisema, akicheka.

Bi. Lorna alitikisa mapezi yote, akatia sahihi, lakini hakumpa cheti mara moja.

"Sikiliza, binti. Kubonyeza kitufe hata mjinga anaweza. Mimi natia sahihi nikiamini kwamba utafanya kazi yote, hata ile inayochosha, na ukikosea utasema. Kila unachokirusha kitarudi chini, na chini kuna watu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Bi. Lorna."

"Basi shika cheti chako."