Sidi na Kitabu Kisichoazimwa

Haya nilisimuliwa na Pola, mtoto wa jirani yangu hapa Kibarani, Jumapili iliyopita alipokuja kunisaidia kukuna nazi. Pola hukaa dawati moja na Sidi, na Sidi ndiye mwenye kisa. Nami nawapa nyinyi wajukuu kama nilivyopewa.

Shule yao ina desturi moja. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, wanafunzi wawili wa Gredi ya Sita husimama mbele ya wenzao na kupendekeza kitabu walichokisoma karibuni. Mmoja huleta riwaya ya maajabu, yenye majini na miji isiyokuwepo. Mwingine huleta kitabu cha safari, cha mtu aliyetembea kweli akaandika aliyoyaona. Wakishamaliza, anayekitaka kitabu humwendea Mwalimu Mwanamina, akaandikwa jina, akapewa.

Kwa riwaya za maajabu, Sidi hakuwa na mshindani. Alisoma akilinda mbuzi, alisoma akipika, mpaka siku moja sima ikashika chini na nyumba nzima ikala ukoko. Muhula huo alikuwa amemaliza sehemu mbili za riwaya iitwayo Binti wa Kisima cha Saba. Sehemu ya tatu haikuwepo shuleni, na Sidi aliitamani hata usingizini.

"Nitaiagiza," Mwalimu Mwanamina alimwambia, "ila si kwa msomaji mmoja. Nipatie watoto watano wa kusoma sehemu ya kwanza kabla shule haijafungwa."

Watano tu! Sidi akaona ni kazi ndogo.

Ijumaa ilipofika, alisimama akasimulia. Alisimulia habari za Zamda, msichana ambaye mama yake aliibiwa sauti. Akasimulia jinsi Zamda alivyoshuka visima sita, akakutana na chura mwenye pembe, akafika kisima cha saba na kugundua kuwa mwizi ni nyanya yake mwenyewe. Hakubakisha hata punje. Darasa likapiga makofi mpaka Gredi ya Tano wakachungulia dirishani. Kisha kengele ikalia, na hakuna hata mmoja aliyemwendea mwalimu.

Wiki iliyofuata Sidi akaomba zamu tena. Akaongeza sauti, akaongeza mikono, chura akaruka hasa. Makofi yalikuwa mengi zaidi. Majina, hakuna.

"Pola, kwani hamkuipenda?" aliuliza kwa uchungu.

"Tumeipenda sana. Mimi nimeshiba kabisa!"

Kilichomchoma zaidi ni Habib. Siku hiyo hiyo Habib alisimama na kitabu cha safari, Baiskeli Hadi Kigoma, cha muuguzi mstaafu aliyeondoka Malindi kwa baiskeli peke yake.

"Mimi nimefika ukurasa wa arobaini," Habib alisema. "Mama huyu yuko kando ya mto, daraja limechukuliwa na maji. Ng'ambo kuna mwanamume anapunga mkono. Sijui anamwita, sijui anamfukuza. Basi."

Akakaa. Watoto saba wakamkimbilia mwalimu kama kuku walioona mtama. Nakala zote tatu zikaondoka, na wanne wakaandikwa kungojea.

Sidi alivimba. Wenzake walipotoka, alimfuata mwalimu mpaka mlangoni.

"Mwalimu, Habib hajamaliza kitabu chake! Mimi nimekisoma changu mara mbili. Iweje mvivu ndiye anayesikilizwa?"

"Nani mvivu?" Habib alidakia kutoka nyuma. "Nasoma polepole, lakini nimesema kweli nilipofika. Wewe wajitia uprofesa!"

"Heri profesa kuliko kobe!"

"Nyamazeni!" alisema mwalimu. "Sidi, Habib hakumdanganya mtu. Hukuuliza kwa nini kitabu chake kimetoka, umeuliza kwa nini yeye. Nenda ukafikirie. Imebaki Ijumaa moja."

Sidi alikwenda nyumbani na hasira zake, akalala nazo, akaamka nazo.

Jumamosi asubuhi baba yake, Mzee Randu, alirudi kutoka Kikambala, ambako analinda hoteli usiku.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjwa hivyo?"

"Si kitu. Hebu nisikilize, nipate kufanya mazoezi."

Mzee Randu akanywa chai yake, akala mihogo, huku Sidi akisimulia. Alikuwa ndio kwanza amefika kwa chura mwenye pembe mama yake, Janet, alipopiga ukelele nyuma ya nyumba.

"Sidi! Mbuzi wameingia kwenye kunde za watu!"

Sidi akachomoka. Mbuzi walimzungusha, mmoja akaja na kamba shingoni, mwingine akarudi kundeni kwa ukaidi. Alipowafunga wote jua lilikuwa limepanda. Akamkuta baba yake, ambaye saa hizo huwa anakoroma, amesimama mlangoni.

"Baba, hujalala?"

"Nitalalaje na mtoto wa watu yuko kisimani? Haya, huyo chura alimla, hakumla?"

Sidi akafungua kinywa amwambie. Akakifunga. Tangu azaliwe, baba yake alikuwa hajawahi kumuuliza habari ya kitabu. Akamkumbuka Pola aliyeshiba, akamkumbuka Habib na mto wake, na moyo wake ukashtuka.

"Kitabu kimo mkobani," alisema taratibu. "Soma mwenyewe, baba."

Jumatatu alikuwa wa kwanza kufika kwa Mwalimu Mwanamina.

"Mwalimu, darasani kwetu nimekiua kile kitabu. Wanajua mpaka mwizi. Niruhusu niende Gredi ya Tano."

"Utasimama mbele ya wadogo zako?"

"Nitasimama."

Ijumaa akaenda. Akasimulia mpaka chura alipoziba njia na kumwambia Zamda, "Nikupishe? Basi niachie jina lako." Hapo Sidi akakaa chini.

"Eh! Akampa?" mmoja alipiga kelele.

"Dada Sidi, usitufanyie hivyo! Wallahi si haki!"

Ulimi ulimwasha Sidi, akaung'ata. Sita wakaandikwa jina, na mwalimu akaandika barua ya kuagiza sehemu ya tatu siku hiyo hiyo.

Kisha akamwita Sidi na Habib pamoja. "Mwanangu," alimwambia Sidi, "anayepika hamtafunii mgeni. Humwonjesha, kisha akampa sahani ale mwenyewe. Bidii yako ya kusoma ni njema, nami naipenda. Lakini bidii ya mwenzako usiipime kwa mwendo wako, na kazi yako ikikwama, itazame kazi yako kwanza kabla ya kumtazama jirani."

"Habib, nisamehe," alisema Sidi. "Nilikuonea."

"Yamekwisha, profesa. Umeandika jina la kile cha baiskeli?"

Alikuwa ameandika. Zamu yake ilimfikia muhula huu mpya, Ijumaa, siku mbili kabla ya Pola kuja kwangu. Alipofika ukurasa wa arobaini, mama yake akamwambia azime taa. Mchana alikuwa amemwuliza Habib kama mwanamume yule alikuwa anaita au anafukuza, na Habib alicheka tu akakimbia zake. Baba yake, ambaye siku hiyo alikuwa na mapumziko, ameshalala. Mama akalala. Sidi akageuka ukutani, akageuka tena, akimlaumu Habib, akiulaumu mto, akiilaumu taa, mpaka naye usingizi ukamchukua.