Safari Ambayo Branice Hakwenda

Kila asubuhi Branice aliamka saa kumi na moja. Alichukua mitungi miwili akaenda kupanga foleni kwenye bomba la mtaa wao, nje kidogo ya mji wa Voi, kwa sababu mfereji wa nyumbani ulikuwa umekauka tangu Agosti. Aliporudi, mama yake, Muhonja, alikuwa ameshakunywa chai na kufunga leso kiunoni, akingoja lori la wafanyakazi wa shamba la mkonge. Kazi yake ilikuwa kuanika nyuzi za mkonge kwenye nyaya, juani, hadi saa kumi. Baba alifanya kazi Mombasa na alionekana mwisho wa mwezi tu.

"Umelala vizuri?" mama aliuliza.

"Kidogo."

"Hata mimi."

Mara nyingi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya siku nzima. Jioni mama alikaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu na kujibu kwa kutikisa kichwa. Branice alipika, akaosha vyombo, akafanya kazi ya shule huku macho yakijifumba.

Jumatatu hiyo, Mwalimu Nzomo, aliyefundisha Kiswahili katika gredi ya saba, aliandika ubaoni: "Kitu Kizuri Nilichowahi Kuona." Insha zilitakiwa kabla ya kengele ya mchana.

Branice hakuhitaji kufikiri. Jana yake, alasiri, yeye na mama walikuwa wameketi kwa jirani yao, Mama Mutindi, kutazama kipindi cha kuchekesha wanachokipenda. Akaandika sentensi mbili. Danson, aliyeketi dawati moja naye, akachungulia daftari lake.

"Unaandika kuhusu runinga?" aliuliza. Hakuwa na nia mbaya, ila aliuliza kwa sauti, na wanafunzi wawili waliokuwa mbele wakageuka na kucheka.

Branice alifuta yale maneno mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Baba yake Danson alikuwa dereva wa magari ya watalii, na muhula uliopita alikuwa amempeleka mwanawe ndani ya mbuga ya Tsavo. Danson aliwasimulia wenzake safari hiyo mara nyingi. Branice aliikumbuka yote: ndovu waliojipaka udongo mwekundu, mtoto wa ndovu aliyeteleza kwenye tope, mama yake akimwinua kwa mkonga. Akaiandika kana kwamba alikuwa amekaa ndani ya gari hilo.

Jumanne Mwalimu Nzomo aliisoma insha hiyo mbele ya darasa. "Hii ni kazi nzuri," alisema. "Branice, Ijumaa ni siku ya wazazi. Utawasomea."

Danson alingoja mpaka mwalimu alipotoka. "Hiyo ni safari yangu," alisema taratibu. "Hata yule ndovu mdogo ni wangu." Kisha akafungua kitabu chake cha hesabu na hakusema naye tena siku hiyo.

Jioni Branice alimwambia mama kwamba angesoma mbele ya wazazi. Alitumaini mama angesema hawezi kuja. Muhonja alisugua viganja vyake vilivyochubuliwa na nyuzi.

Kesho yake alirudi na jibu. "Nimeongea na nyapara. Amenipa Ijumaa, nami nitafanya kazi Jumapili badala yake."

"Jumapili mchana kutwa?"

"Mchana kutwa. Insha yenyewe inahusu nini?"

"Utaisikia," Branice alisema, akainuka kuosha vyombo.

Jumapili alasiri ndiyo saa pekee mama alipokuwa akipumzika. Sasa alikuwa ameitoa ili aje kusikiliza safari ambayo yeye mwenyewe alijua haikuwepo. Mbele ya watu wote angejua kwamba binti yake anadanganya.

Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana, Branice aliingia katika chumba cha walimu. Mwalimu Nzomo alikuwa peke yake, amezungukwa na madaftari.

"Mwalimu, sikwenda Tsavo."

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Una maana gani?"

"Sijawahi kwenda. Ni safari ya Danson."

"Basi alama nilizokupa ni za Danson." Alivua miwani akafuta macho yake. Alionekana amechoka kama mama. "Nitazifuta. Na wewe utamwomba Danson msamaha mbele ya darasa. Sasa niambie, ni kitu gani kizuri ulichokiona kweli?"

Branice aliona haya, lakini alisema. Katika kile kipindi cha runinga kuna karani mmoja mwenye majivuno. Alisimama kutoa hotuba kwenye arusi, na stima ikapotea. Vipaza sauti vikazimika. Karani hakutambua. Aliendelea kusema na kurusha mikono huku hakuna aliyemsikia. Bibi arusi, ambaye alikuwa amenuna tangu asubuhi, akaanza kupiga makofi akifuata ile mikono. Wageni wakafuata, hadi arusi nzima ikawa inacheza hotuba isiyosikika.

"Mama alicheka mpaka akashika ukuta," Branice alisema. "Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu mwezi wa Agosti. Tulipokuwa tunarudi nyumbani, alirusha mikono kama karani, pale njiani, na mimi nikapiga makofi."

Mwalimu Nzomo alitabasamu kidogo. "Kaandike hiyo. Niletee kesho asubuhi."

Branice alimwomba Danson msamaha alasiri hiyo, mbele ya wote. Danson alisema, "Sawa," akasogea kumpa nafasi kwenye dawati.

Ijumaa Branice alisoma insha yake mpya, akiwa wa mwisho. Alipofika mahali mama aliporusha mikono, wazazi walicheka, na Branice akaogopa kwamba amemwaibisha. Alitazama nyuma ya ukumbi. Muhonja alikuwa amefunika uso kwa leso, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Alipoishusha leso, alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

Walitembea nyumbani polepole kwa sababu miguu ya mama ilikuwa imevimba. Branice alimweleza habari ya insha ya kwanza, bila kuficha neno. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulifanya vibaya, na umerekebisha," alisema. "Lakini nisikilize. Kinachokufurahisha si cha kuonea haya, hata kikiwa kidogo, hata kikiwa cha runinga ya jirani. Siku zetu zinachosha. Kicheko kama kile ndicho kinachonifikisha Jumatatu. Ukianza kukificha, utalazimika kuchukua furaha ya mwenzako na kusema ni yako, na hiyo haitakutosha kamwe."

"Nimeelewa, mama."

"Jumapili niko kazini. Utaenda kwa Mama Mutindi, utazame, kisha unisimulie jioni." Alifunga leso yake upya. "Na usiongeze chako."