Mtu wa Kumi na Mbili

Alfajiri hesabupumzi lilitua juu ya paa la Bi Sikudhani, likasikiliza pumzi za waliolala, kisha likaruka kwenda nyumba ya pili. Chombo chenyewe hakikuzidi sinia, lakini ndicho kilichoamua nani apate maji. Jiji lote lilikuwa limegawanywa vipande vya kilomita moja ya mraba, na kipande chenye watu chini ya kumi na wawili kilikatiwa maji na umeme.

Kumi na wawili tu, katika jiji ambalo zamani watu walikanyagana! Watoto walipoanza kuwa adimu, wakubwa wa jiji waliona aibu idadi ya wakazi kushuka, wakawa wanameza vijiji vya jirani. Wakameza na mapori yake, watu wakazidi kutapakaa. Hata Mlowa kwa Bi Sikudhani ilimezwa ikawa kipande kimoja, na visima vikafukiwa kwa kuwa bomba lilikuwa linakuja.

Mzee Chiduo wa jirani alipofariki, Mlowa ikabaki na watu kumi na mmoja, bomba likakauka. Nasra, bintiye Bi Sikudhani, akaja kulala matanga. Alijua kuwa akilala siku tatu, chombo kitamhesabu huko. Mumewe Lameki alibaki mjini, ghorofa ya nane, kwenye mashine yake ya kusafishia damu. Nasra hakuwa na wasiwasi naye, maana madirisha ya mjini yaliwaka yote kila jioni.

Waombolezaji wengine walizika wakaondoka mchana uleule. Nasra aliwalaumu moyoni kuwa utu umewaishia.

Siku ya tatu bomba likatoa maji. Bi Sikudhani alicheka huku akijaza ndoo. Ndipo simu ikaita.

“Mashine imezima,” alisema Lameki kwa sauti ndogo. “Huku tumebaki kumi na mmoja. Yale madirisha, Nasra, jiji ndilo lililokuwa linayawasha; ndani hamna watu.”

Sasa Nasra alielewa kwa nini waombolezaji walikimbilia makwao.

Bi Sikudhani alikuwa amesikia yote. Akafunga bomba, akamletea mwanawe begi lake.

“Nenda kwa mumeo, mwanangu.”

“Na wewe mama, utakunywa nini?”

Mama alirudi kwenye ndoo zake, akazifunika moja moja.