Gari la Mzee Anwar

Wenzangu wa mtaa, mkasa huu wengine mliuona kwa macho yenu, na wengine mliusikia ukiwa umeshaongezwa chumvi. Nausimulia kama ulivyokuwa, kwa sababu waliomo ni watu wetu, na nyumba yenyewe bado tunapita mbele yake.

Bi Mwamvita alikuwa mjane anayeishi Kimara, kwenye ule mteremko unaoshuka kwenda korongoni. Magoti yalikuwa yamemchakaa, anatembea kwa mkongojo, lakini hakuwa mtu wa kukaa ndani. Asubuhi, akishamaliza kufagia, aliketi kwenye baraza yake na geti likiwa wazi. Bi Hija, shoga yake tangu wakiwa wasichana Temeke, alikuja na birika la kahawa. Hapo wawili hao walichambua mchele, waliitikia shikamoo za wapita njia, wakaulizana nani kajifungua na nani anaumwa. Na akina mama wa mtaa walimjua Bi Mwamvita kwa jambo jingine pia: alikuwa muosha maiti. Mwanamke akifariki, yeye ndiye aliyeitwa kwanza.

Basi asubuhi moja walipokuwa wamekaa hivyo, breki za lori zikalia nje. Juu ya lori palikuwa na Vokswageni ndogo, ile yenye mgongo wa mviringo, imeliwa na kutu mpaka milangoni. Mwanawe, Faraji, akaruka chini akicheka.

"Mama, unalikumbuka?"

Angelisahau vipi? Lilikuwa gari la marehemu mumewe, Mzee Anwar. Humo ndimo alimobebwa siku ya harusi yake, na humo ndimo Faraji mwenyewe alimopelekwa hospitali akiwa mchanga, homa imempanda. Tangu mzee afariki lilikuwa limelala uani kwa ndugu zake Temeke, kuku wanatagia kwenye viti. Bi Mwamvita akalipapasa bodi, machozi yakamtoka.

"Nitalifufua, mama," Faraji akasema. "Nalitengenezea hapahapa nyumbani. Injini mpya, kiyoyozi, skrini, kamera ya nyuma. Na abiria wa kwanza ni wewe."

Bi Mwamvita akamwombea dua ndefu. Msimlaumu. Nani kati yetu asingefurahi?

Gari likaingizwa uani na kupandishwa juu ya matofali. Uwanja wenyewe mdogo, mnaujua. Pua ya gari ikakaribia geti, na ubavu mmoja ukakaribia ukuta. Faraji, aliyekuwa ameachana na mkewe na akiishi na mama yake, alijifunza ufundi kwa kutazama video kwenye simu. Kila akitoka kwenye duka lake la simu, alishika grenda akakwangua kutu mpaka vumbi jekundu likatanda kwenye vyombo vya jikoni. Viti vya gari vikahamia sebuleni. Milango ikaegemezwa kitandani kwa mama. Turubai likafungwa toka nondo za baraza hadi juu ya geti, na baraza ikajaa injini, mipira, makopo ya rangi na madebe ya oili.

Kisha mwizi akaruka ukuta na kuondoka na taa mbili. Kuanzia siku hiyo Faraji akawa anafunga geti kwa kufuli kubwa, kwa nje, na ufunguo anaondoka nao.

"Na mie je?" mama yake aliuliza.

"Wewe unakwenda wapi, mama? Chai ipo kwenye chupa, mkate upo. Ukitaka kitu nipigie."

Hata kama geti lingekuwa wazi, asingelifikia. Faraji alikuwa kijana mwembamba, alipita kwa ubavu kati ya gari na ukuta akiwa ameshikilia pumzi. Mwanamke wa miaka ile na mkongojo angepitaje? Mlango wa nyuma nao ulitokea korongoni, mahali ambapo hata mbuzi anafikiri kabla ya kushuka.

Ndivyo Bi Mwamvita alivyofungwa nyumbani kwake bila kosa. Alikaa chumbani na milango ya gari. Akitoka sebuleni anakaa na viti vya gari. Mwanga aliouona ulipita kwanza kwenye turubai la bluu, ukaifanya mikono yake mwenyewe ionekane kama ya mgonjwa. Alisikia sauti za mtaa zikipita nje, akawa anakisia: huyu muuza samaki, yule Recho jirani anamwita mumewe Audax.

Siku moja Faraji alimvalisha khanga mpya, akamshika mkono mpaka kwenye gari, akamkalisha nyuma ya usukani, kwenye kiti kimoja alichokirudisha kwa muda, na kumwelekezea simu. "Tabasamu, mama." Video ikaenda mtandaoni: *Namfufulia mama yangu kumbukumbu ya baba.* Watu wakamiminika kumpongeza. Wengine waliandika kwamba laiti vijana wote wangewatunza wazazi namna hii. Faraji alimsomea mama yake maneno hayo moja baada ya jingine, macho yakimng'aa. Alipomaliza, akamrudisha ndani, akawasha grenda.

Bi Hija hakumtupa mwenzake. Alikuja na birika lake, akaketi nje ya geti juu ya kigoda, naye Bi Mwamvita akaketi kwenye kizingiti cha mlango wake, gari likiwa katikati. Wakawa wanazungumza kwa kupaza sauti.

"Mwamvita weye, umekonda?"

"Utajuaje nawe hunioni?"

"Sauti imekonda."

Wakacheka. Halafu Bi Hija akaweka kikombe chini. "Shoga, kifua kinanibana siku hizi. Ile ahadi yetu ipo?"

Bi Mwamvita alijua ahadi gani. Walikuwa wameahidiana kwamba atakayetangulia ataoshwa na mwenzake, asiguswe na mkono mgeni. "Ipo," akajibu. "Lakini acha maneno hayo, kunywa kahawa yako."

Jioni ile alimkalisha mwanawe kitako. "Faraji baba, hili gari lisogeze. Au lipeleke gereji. Nataka kutoka."

"Mama, rangi inapigwa karibuni. Nikilisogeza sasa bodi itapinda. Vumilia kidogo tu, ni kwa ajili yako."

"Mie sikuomba gari, mwanangu."

Faraji alinuna. "Kumbe nahangaika bure? Kumbukumbu ya baba huitaki?" Utamjibu nini mtu anayekufungia ndani kwa jina la mumeo?

Sasa nisikilizeni vizuri. Jumatano moja asubuhi, Faraji akiwa ameshaondoka kwenda mjini kutafuta spea, kipaza sauti cha msikiti kilikohoa. *Tunawatangazia kifo cha Bi Hija binti Masoud. Maziko ni leo baada ya swala ya adhuhuri.*

Bi Mwamvita alisimama bila mkongojo. Hakulia. Alichukua khanga zake mbili, akachukua kimfuko chake cha kafuri na udi, akampigia mwanawe. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena. Akaita kwa sauti, "Recho! Audax! Jamani nifungulieni!" Lakini grenda ilikuwa imeuzoesha mtaa kutosikiliza kelele za uani mle, na isitoshe watu wote walikuwa msibani.

Akalitazama gari. Akautazama ukuta. Akaweka mkongojo chini, akageuka ubavu, akajipenyeza.

Alifika katikati. Hapo mguu wake ukakanyaga oili. Alipoteleza akalishika gari kwa mikono miwili, nalo, lilivyokuwa limekaa juu ya matofali, likasogea. Tofali moja likavunjika, gari likalala upande wake na kumbana paja ukutani. Kimfuko kikaanguka, simu nayo ikaanguka na kuingia chini ya gari.

Punde simu ikaanza kuita. Alijua ni nani wanaopiga. Ni wanawake wenzake, maji wameshayachemsha, wanamsubiri yeye. Aliinyooshea mkono; vidole havikufika. Ikaita, ikanyamaza, ikaita. "Nakuja, Hija," akasema. "Nakuja, mwenzangu." Pumzi ilikuwa ndogo, na harufu ya rangi ilimjaa kooni.

Wale wanawake walipoona kimya wakamtuma Recho. Recho alipofika getini akakuta kufuli, akasikia mtu anaguna upande wa pili. Alipiga ukunga. Audax akaja mbio, akavunja kufuli kwa nondo, lakini geti lilifunguka kidogo tu likagonga pua ya gari. Ikabidi aruke ukuta. Wanaume wakatoka msibani na kanzu zao, wakaruka nao, wakalishika gari huku na huku, wakalinyanyua mzimamzima. Waliling'oa turubai, wakalirudisha gari nyuma kidogo geti lifunguke, kisha wakalibeba nje na kulitupa mtaroni kando ya barabara.

Walikuwa wanampakia Bi Mwamvita kwenye gari la jirani, mfupa umevunjika, ndipo Faraji akatokea na boksi mkononi. Akaliona gari lake limelala ubavu kwenye mtaro.

"Nani amelitoa gari langu?" akafoka.

Bi Mwamvita aliyasikia maneno hayo. Watu wote waliyasikia. Recho akamwambia polepole, "Faraji, mama yako humuulizi?"

Hapo ndipo alipogeuka akamwona.

Maziko hayakuweza kungoja. Mikono mingine ilimuosha Bi Hija. Gari lililombeba Bi Mwamvita kwenda hospitali lilipita mbele ya nyumba ya msiba wakati jeneza linatolewa, naye akageuzia uso wake kwenye kiti ili asione.

Wodini Faraji alipiga magoti. Alikiri kwamba aliziona zile simu. "Nilidhani unataka mkate tu, mama. Nilikuwa napatana bei ya kamera. Nisamehe."

"Nimekusamehe," mama akasema. Kisha akauliza kama anayetaka jibu kweli, "Lakini Hija nitamwambia nini?"



Bi Mwamvita hakurudi Kimara. Binti yake, Raudha, alimchukua akaishi naye Gongo la Mboto, katika chumba kinachotazama barabara. Alipopata nafuu ya kuketi, Faraji alimwahidi kwamba atalimaliza gari haraka ili ampeleke kaburini kwa Bi Hija. Mama alimshukuru kwa upole, akakataa. Alikwenda na Raudha kwa bajaji. Aliketi kwenye kiti cha magurudumu pembeni ya kaburi mpaka jua likawa kali, midomo ikimchezacheza, na alichosema hakuna aliyekisikia.

Funzo

Ndugu zangu, Faraji hakuwa mlevi, hakumpiga mama yake wala kumnyima chakula. Na ndiyo maana sie majirani tulinyamaza. Tuliona turubai, tuliona kufuli, tukasema kijana anajituma, anamuenzi baba yake. Kulitengeneza gari la zamani si kosa, ni kazi nzuri. Kosa ni kumfanyia mtu jambo asilolitaka, kisha ukamnyima lile analokuomba, na bado ukataka akushukuru. Kumheshimu marehemu hakumwondolei mtu wajibu kwa aliye hai.

Mzazi anayeshiba anaweza kuwa mfungwa. Muulizeni anataka kwenda wapi, na simu yake pokeeni. Na sie tunaopita nje tukiona geti la mzee limefungwa kwa kufuli upande wa barabara, tugonge, tuulize, hata tukionekana wambeya.