Mipapai ya Bi Shekha

Uani kwa Bi Shekha, mtaani Muyeye, kulikuwa na mipapai mitano. Kila asubuhi aliimwagilia maji kabla hata ya kuchemsha chai. Lakini mwaka huo moyo ulimuuma. Maua yalichanua, kisha yakaanguka yote. Papai hata la dawa halikuonekana.

"Mwezi ukiisha naing'oa," alisema Faki, mumewe. "Napanda migomba."

"Nimeilea mwenyewe tangu mbegu, Faki! Ihurumie."

"Huruma hailiwi, mke wangu."

Jumamosi darasa la ngumbaru, alikosoma Shekha, lilikwenda Kilifi kutembelea bustani kongwe ya kuzalishia mbegu. Bi Mwikali, mfanyakazi wa pale, alikuwa juu ya ngazi. Alikuwa akipaka ua la mpapai kwa brashi ndogo.

"Unalipaka poda?" Shekha aliuliza. Wenzake wakaangua kicheko.

"Naliozesha mume," alijibu Mwikali. "Mpapai huu ni jike. Ni mfupi, upepo hauuangushi. Ule pale ni dume, wa ukoo wa mapapai matamu. Nachukua vumbi la ua dume, nalipaka ua jike. Mbegu zitakazopatikana tutazipanda, tuchague miche mifupi yenye matunda matamu. Kazi hii ilianza hapa hata mimi sijazaliwa."

"Na dume wautambuaje?"

"Maua yake huning'inia kwenye vikonyo virefu. Wenyewe hauzai."

Shekha alijishika kichwa. "Yarabi! Wangu niliukata mwaka jana! Niliona wanywa maji yangu bure. Sasa mitano iliyobaki inaangusha maua yote."

"Basi umeiacha mitano yote wajane," alisema Mwikali, akicheka. "Bila vumbi la dume, jike hudondosha maua. Chukua maua haya ya dume, ukaipake mipapai yako leo leo. Kisha panda miche mipya. Ikitokea ya dume, ubakishe mmoja."

Shekha aliyafunga maua kwenye pindo la leso. Alipofika nyumbani, alipanda juu ya kiti na kuanza kupaka.

"Leo umekuwa kungwi wa mipapai?" Faki alitania. Hata hivyo alimshikia kiti.

Safari hii maua hayakuanguka. Vipapai vya kijani vilijitokeza, vikanenepa, vikaiva. Shekha alifurahi hadi machozi yakamtoka. Habari ya migomba haikutajwa tena.

Miche mipya nayo ilikua. Mmoja ulipotoa maua ya kuning'inia, jirani yao Kiponda alichungulia uani.

"Huo hauzai," alisema. "Ukateni!"

Faki aliruka, akasimama mbele ya mti. "Thubutu! Huyo ndiye bwana harusi wetu."