Pilipili Haina Kesi ya Kujibu

Nyumba ya fundi cherehani haikuwa na chumba cha kukaa bure. Chumba cha mbele kilikuwa karakana asubuhi na sebule jioni. Watoto wakirudi shule, kiligeuka darasa. Cherehani ilikaa dirishani. Juu yake palikuwa na rafu, na kwenye rafu makopo madogo meupe ya plastiki, yamejipanga kama askari. Humo fundi alitia vifungo. Vya mashati kopo lake, vya makoti kopo lake, ndoana za sketi kopo lake. Makopo hayo hakuyanunua. Yalikuwa ya dawa za mumewe, na fundi hatupi kitu chenye kifuniko kizuri.

Mumewe alikuwa mpakiaji katika ghala la kiwanda cha soda. Wenzake walimwita Winchi, kwa kuwa aliinua kreti kana kwamba ndani mna pamba. Siku moja toroli lililojaa kreti lilikatika breki, likambana goti ukutani. Ofisi ya Fidia ilikubali bila ubishi kwamba goti limeumia kazini. Winchi alipata nafuu, akarudi ghalani. Zahanati ya kiwanda ikampa vidonge vya maumivu. Kopo likiisha, anapewa jingine. Alivimeza alfajiri kabla ya kutoka, tumboni hamna hata chai, ili goti lisimtie aibu mbele ya wenzake.

Kisha tumbo likaanza. Kwanza kiungulia. Halafu maumivu ya kumkunja mtu mzima mara mbili.

"Mwambie daktari," fundi alisema.

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Asubuhi moja alitapika damu kwenye beseni la kufulia, akaanguka pale pale.

Hospitali walimwokoa. Waliingiza kamera tumboni, wakaona vidonda. Wakampigia marufuku vidonge vile. Bila vidonge, goti halikubali tena kubeba kreti. Fundi akaiandikia Ofisi ya Fidia, akiomba vidonda vya tumbo navyo vitambuliwe kuwa vimetokana na ajali ya kazini. Jibu lilipokuja alilisoma kwa sauti, amesimama, mkasi mkononi.

"'Ombi limekataliwa. Vidonda vya tumbo ni ugonjwa wa kawaida, unaoletwa na mawazo na vyakula vikali, hususan pilipili. Kumbukumbu za zahanati zinaonyesha kuwa mfanyakazi alikuwa hajambo na hakuwa na malalamiko.'" Fundi aliinua macho. "Nani amewapa habari za pilipili?"

Winchi alijikuna kichwa. "Hospitali waliniuliza napenda kula nini."

"Ukasema?"

"Maharage yako."

Mama yake Winchi, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, akadakia. "Mimi nilisema. Mkwe wangu ana mkono mzito wa pilipili."

"Mama, si wewe jana uliyefuta bakuli kwa kidole?"

"Nilikuwa nasaidia kuosha vyombo."

Hakuna aliyecheka sana. Kiwanda kilikuwa kimekwisha sema: bila barua ya Ofisi ya Fidia, Winchi arudi kwenye kreti au aage. Na matibabu ya tumbo yangekuwa juu yao wenyewe.

"Tuache tu, mke wangu," Winchi alisema. "Watu wa ofisi hawashindwi."

"Watu wa ofisi wanavaa suruali, na suruali nazishona mimi. Najua zinapofumukia."

Jioni hiyo alikuja mteja wake, katibu wa chama cha wafanyakazi, kujaribu blauzi. Fundi alimpimia mikono huku akimsomea barua. Katibu alisikiliza mpaka mwisho, pini zikiwa begani.

"Kwanza, angalia tarehe ya mwisho ya kukata rufaa," alisema. "Hii hapa chini. Peleka rufaa kesho, ushahidi mwingine utafuata. Watu wengi wana haki yao kabisa, wanaikosa kwa kuchelewa."

"Nitapeleka. Halafu?"

"Halafu ujue wanabisha nini. Goti hawalibishii. Vidonda hawavibishii, kamera imeviona. Wanachobishia ni kamba inayofunga goti na tumbo. Ajali ilileta maumivu. Maumivu yakaleta vidonge. Vidonge vikaleta vidonda. Ugonjwa unaozaliwa na jeraha la kazini, au na matibabu ya jeraha hilo, nao ni wa kazini."

"Basi nitawaambia hivyo hivyo."

"Wewe utaeleza ulichokiona kwa macho yako. Lakini kamba yenyewe hufungwa na daktari, shoga yangu. Kwa maandishi, na aseme kwa nini."

Winchi akatoa karatasi mfukoni. "Daktari wa hospitali aliniandikia hii."

Katibu aliisoma, akachekea puani. "'Huenda vidonda vimesababishwa na dawa.' Huenda! Hata mimi huenda nikaolewa na mfalme. Hawataki uhakika wa mia kwa mia, lakini 'huenda' haisimami. Daktari aseme kama ana sababu za kuamini kuwa ni dawa kuliko kitu kingine. Avitaje hivyo vitu vingine, na kwa nini amevikataa."

Kisha alimgeukia Winchi. "Na hili la kwamba ulikuwa hujambo?"

"Sasa daktari wa zahanati akiniuliza hujambo, nimjibuje? Si namjibu sijambo! Mtu anasalimiwa kwa heshima, anaanza kutaja tumbo lake?"

"Na baada ya salamu?"

"Baada ya salamu ananipa kopo, naondoka."

"Basi yeye akaandika salamu yako kama ndiyo afya yako," Katibu alisema. "Hilo nalo tutalijibu. Aa! Fundi, umenichoma!"

"Samahani. Nilidhani ni bega la daktari wa zahanati."

Kesho yake fundi alipeleka rufaa mapema, akagongewa muhuri wa kupokelewa, akabaki na nakala yake. Kutoka hapo akaenda na mumewe hospitali. Daktari wa hospitali alikuwa kijana wa maneno machache.

"Niliandika 'huenda' kwa sababu sijui alimeza nini na kwa muda gani," alisema. "Kumbukumbu za zahanati zinasema 'dawa ya maumivu' tu. Ziko aina nyingi. Nyingine haziumizi tumbo hivi."

"Makopo yake yakikuonyesha, utaandika vizuri zaidi?"

"Yapo?"

Fundi alirudi nyumbani mbio, akapanda kiti, akaanza kumwaga vifungo kwenye sinia. Mama mkwe alisimama mlangoni akitazama.

"Umechanganyikiwa?"

"Mama, soma lebo. Jina la mwanao, jina la dawa, tarehe. Vyote viko hapa, nami nimevikalia na vifungo vyangu."

Mama mkwe alivaa miwani, akasoma kopo moja, akasoma la pili. Kisha akainama kwa taabu, akatoa kopo moja lililokuwa limeviringika chini ya cherehani. "La ndoana unalisahau," alisema.

Hospitali, daktari aliyapanga makopo mezani kwa tarehe. Uso wake ukabadilika. "Haya yote? Na ulimeza kabla ya kula?"

"Alfajiri, na jioni tena," Winchi alisema.

"Dawa hii huchubua ukuta wa tumbo. Mtu akiimeza kwa muda mrefu, na hasa bila chakula, lazima aangaliwe na daktari. Ukiona kiungulia kisichoisha, au choo cheusi kama lami, unasema siku hiyo hiyo. Hungoji damu. Unakunywa pombe?"

"Hapana."

"Sigara?"

"Sijawahi."

"Wapo bakteria wanaoleta vidonda. Tulikupima, huna. Na kabla ya ajali hukuwahi kuumwa tumbo?"

"Nilikuwa nakula hata misumari," Winchi alisema.

"Na pilipili?" fundi akauliza.

"Pilipili inaweza kumchokoza mwenye kidonda. Lakini haichimbi kidonda."

"Liandike hilo."

"Niandike pilipili kwenye ripoti ya kitabibu?"

"Wao wameanza."

Daktari alicheka kwa mara ya kwanza, akavuta karatasi. Aliandika dawa gani, muda gani, na jinsi inavyodhuru tumbo. Akataja pombe, sigara, bakteria na pilipili, kila kimoja na sababu ya kukikataa. Akamaliza kwa kusema kuwa, kwa maoni yake ya kitaalamu, dawa ya goti ndiyo chanzo kinachoaminika kuliko kingine chochote.

Siku ya kusikilizwa rufaa, walikaa kwenye benchi kwenye ujia mrefu wenye harufu ya rangi mpya. Afisa wa Ofisi ya Fidia alipita na mafaili. Shavu lake moja lilikuwa limevimba kama limeficha limau.

"Hujambo, afisa?" Winchi akamsalimu.

"Sijambo," afisa alijibu kwa shida, akapita.

Ndani, Mwenyekiti wa jopo alikuwa mama mwenye sauti ya upole. Alimtazama Winchi juu ya miwani. "Hujambo, bwana?"

"Sijambo, Mwenyekiti."

Neno lilikwisha toka. Fundi alifumba macho. Katibu, aliyekaa upande wa pili, alimfinya Winchi, lakini wapi.

Afisa alikuwa amesimama tayari. "Naomba hilo liandikwe. Hata leo anasema hajambo. Zahanati alisema hajambo, mwezi baada ya mwezi. Vidonda vilitoka wapi, kama si jikoni kwake?"

Fundi alimwona mumewe akishusha mabega, kama alivyoyashusha barua ilipofika. Fundi alitaka kusimama yeye. Lakini Winchi alishika ukingo wa meza, akanyanyuka polepole, goti likilia.

"Afisa, nilipokusalimu pale nje ulinijibu nini?"

"Hilo halihusiani na..."

"Ulisema hujambo. Na hilo shavu?"

Chumba kizima kikamtazama afisa shavu. Mkono wake ulikuwa umekwenda pale wenyewe.

"Sikukucheka," Winchi aliendelea. "Ulinijibu kwa adabu, nami niliwajibu zahanati kwa adabu. Ile ilikuwa salamu. Hakuna hata siku moja mtu aliniuliza tumbo. Mwenyekiti, niulize wewe tumbo, nikujibu."

Mwenyekiti aliweka kalamu vizuri. "Nakuuliza."

Winchi akasema yote. Kiungulia, usiku wa kujikunja, beseni. Hakuficha kwamba alinyamaza ili asionekane mlegevu. Fundi hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja.

"Mke wake yupo?" Mwenyekiti aliuliza.

"Nipo. Mimi ndiye mpishi, kwa hiyo nadhani ndiye mshtakiwa." Alisimama. "Sufuria yetu ni moja. Anakula yeye, nakula mimi, wanakula watoto, anakula mama yake ambaye kila siku anataka aongezewe. Pilipili ni ile ile. Hatukuumwa hata mmoja. Kitu alichokula peke yake ni hiki." Akamwaga makopo mezani kutoka kwenye mfuko. Kifungo kimoja cha koti kikaruka, kikaviringika mpaka kwenye kiatu cha afisa.

Mwenyekiti alisoma lebo, kisha akasoma ripoti ya daktari mpaka mwisho. "Afisa, unayo ripoti ya daktari mwingine inayoipinga hii?"

Afisa alifunua faili, akalifunga. "Hatuna."

Uamuzi ulikuja kwa barua, na safari hii Winchi aliusoma mwenyewe. Vidonda vya tumbo vilitambuliwa kuwa vimetokana na matibabu ya jeraha la kazini. Ofisi itagharamia matibabu. Kiwanda kikampa kazi ya kukaa, kwenye dirisha la kupokea mizigo. Kesi nyingine huchukua muda zaidi, na kila mahali pana sheria zake. Ndiyo maana fundi huwaambia wateja wake wote wakaulize chama chao mapema, tena wasitupe makopo.

Nyumbani mambo yalibadilika kidogo tu. Fundi alipakua maharage ya Winchi kwanza, ndipo akatia pilipili kwenye sufuria.

"Ongeza," mama mkwe alisema.

"Mama, nimeachiliwa huru juzi tu."

"Ndiyo nasema ongeza."

Wiki iliyofuata Winchi alikwenda zahanati ya kiwanda, fundi akimsindikiza. Daktari wa zahanati alitabasamu bila kuinua kichwa. "Hujambo, Winchi?"

"Sijambo, daktari." Winchi alivuta kiti, akakaa vizuri. "Hiyo ni salamu. Sasa chukua kalamu."